Mzee wa Kauri Dirishani

Jumatatu, 15 Novemba 1976

Naandika haya kwa mkono wangu, mimi Anselmo wa Kanyigo, Bukoba, bila kusaidiwa na mtu. Mwalimu Dafrosa wa kisomo cha watu wazima alinipa daftari hili siku ya kuaga. Akasema, "Ta Anselmo, ukikaa ugenini bila kuandika, herufi zitakukimbia kama kuku." Nikamwambia kuku wangu nimewafunga kamba. Katika rika langu mimi ndiye wa kwanza kufaulu hatua ya tatu. Wa pili ni Severin, na yeye alichungulia kwangu.

Niko Stockholm, kwa binti yangu Adelina, muuguzi. Mtaa wake unaitwa Hallonbergen. Treni inapita ndani ya mwamba, halafu unatoka juu unakuta majengo yamesimama kama masanduku. Tunakaa ghorofa ya sita. Leo lifti imelala, nimepanda kwa miguu, na aliyehema ni Adelina. Ngazi zenyewe hazina dirisha hata moja. Unabonyeza kitufe chekundu ukutani, taa inawaka, ukipanda kidogo inazimika yenyewe. Watu wa hapa wana mali lakini taa wanakupimia.

Sikuja kutembea. Kuna mtu anamtaka Adelina. Mama yake, marehemu Gaudiosa, angekuwepo angemaliza jambo hili kwa jicho moja tu. Sasa ni juu yangu. Narudi nyumbani Machi, kabla ya masika. Adelina ameniambia uwanja wa ndege, hata koti sijavaa vizuri: "Tata, ukikataa, sitaolewa naye. Na mwingine sitatafuta."

Namjua. Ukaidi ameurithi kwa mama yake.

Jumanne, 16 Novemba

Theluji.

Jumatano, 17 Novemba

Theluji. Nimeishika. Si kitu.

Jumapili, 21 Novemba

Leo mtu mwenyewe amekuja. Anaitwa Samwiri, Muganda wa Masaka, Mprotestanti. Huko kwao alikuwa mwalimu wa historia. Akawakimbia askari wa yule Jenerali wao, na hapa anasafisha mabehewa ya treni. Mrefu, mwembamba, koti limempita. Aliinama vizuri kunisalimu, hilo siwezi kumnyima.

Kwetu mgeni unayemkubali unampa kahawa ya kutafuna. Mkebe wangu wa kahawa ulikuwa mfukoni. Ukabaki mfukoni. Adelina aliuona mkono wangu umetulia, akaangalia pembeni.

Nikamuuliza, "Baba yako yuko wapi? Nani atakuja kukusemea?"

"Baba hayupo, Mzee wangu."

"Hayupo Stockholm au hayupo duniani?"

"Duniani, ssebo." Ssebo kwao ni bwana.

"Kazikwa na nani?"

Akatazama viatu vyake. Nikasema moyoni, mtu asiyejua baba yake kazikwa na nani, wajukuu zangu atawaambia nini?

Ndipo akatoa zawadi. Ilikuwa kwenye sanduku la karatasi, imefungwa magazeti kama yai. Akasema ni sanamu ya kauri ya Kijerumani, ina miaka zaidi ya mia na hamsini, kaipata Jakobsberg kwenye soko la vitu vya zamani. Nikamwambia Wajerumani nawajua kuliko yeye na vitabu vyake: mimi nimezaliwa bendera yao ikiwa juu, na baba yangu aliwabebea mizigo vitani.

Nikaitazama. Nyeupe tupu, haina rangi wala haing'ai, kama unga wa muhogo ulioganda. Kitako tu ndicho kina ukanda wa dhahabu na majani. Kijana mwenye kofia ya chuma, nguo yenyewe ni shuka moja iliyompita kiunoni, kila mkunjo umechongwa. Begani amembeba mzee mwenye ndevu. Mzee kakumbatia kikasha. Mkono mwingine wa kijana umeshikwa na kijimkono cha mtoto, vidole vyote vipo, ila mtoto mwenyewe hayupo. Kavunjika zamani. Chini zimebaki nyayo mbili ndogo.

Nikauliza, "Mzee huyu anaumwa?"

"Hapana. Ni hadithi ya Wagiriki wa kale na jirani zao. Mji unaungua, kijana anamtoa baba yake. Miaka ile Wajerumani walipenda sana kuiga mambo ya kale, wakayachonga hivi."

"Hana miguu?"

"Anayo, Mzee."

"Sasa anabebwa nini?"

Nieleze hapa ili asomaye aelewe. Kwetu mzee hubebwa mara mbili: kwa machela kwenda hospitali, na kwa jeneza. Mimi ni kiongozi wa machela Kanyigo miaka ishirini sasa. Nimebeba wazazi wenye uchungu, nimembeba padri mnene mwenye malaria, nimembeba Severin alipoanguka mgombani na akapiga kelele njia nzima. Mimi mwenyewe sijabebwa tangu mama aliponishusha mgongoni. Mtu anakuja kuposa, ananipa mzee aliyebebwa. Ananiambia nini? Ananiambia zamu yangu imefika.

Nikasema, "Chukua sanamu yako. Mimi si mkungu wa ndizi."

Samwiri akashtuka kama aliyemwagiwa maji. Akatazama mdomo wangu muda mrefu. Halafu akasimama, akaaga kwa adabu, akaenda. Sanamu akaiacha mezani.

Adelina: "Tata, amekosa nini?"

"Zawadi ya matanga hailetwi kwenye posa."

"Hakujua!"

"Mwalimu mzima?"

"Kwao haina maana hiyo!"

"Binti anayemtaka ni wa kwetu."

Ameiweka dirishani, karibu na chungu cha maua, na hakuongea nami mpaka kulala.

Jumatatu, 22 Novemba

Adelina alipokwenda kazini nimeigeuza sanamu, itazame nje. Mzee yule asinitazame nikila.

Jumanne, 23 Novemba

Ameigeuza itazame ndani. Nimeigeuza tena.

Jumatano, 24 Novemba

Hivyo hivyo.

Jumamosi, 4 Desemba

Samwiri amekuja na ndizi za kupika. Sijui kazitoa wapi katika nchi hii. Ndogo, zimechoka kwa safari, lakini ndizi. Nimekula. Kula si kukubali. Kahawa sikutoa.

Jumatatu, 13 Desemba

Jua la hapa linaingia kazini saa tatu asubuhi na saa tisa limeshatoka. Leo Adelina amenipeleka hospitalini kwake kuona sikukuu yao, wasichana wa Kiswidi wamevaa kanzu nyeupe, mmoja kabeba mishumaa inawaka kichwani. Wanaimba polepole. Wenzangu walishangaa moto. Mimi nimetazama shingo. Shingo imekakamaa, hajazoea kubeba kichwani. Ningepewa juma moja ningemfundisha.

Lifti imelala. Sanamu imegeuzwa ndani. Nimeigeuza nje.

Jumamosi, 25 Desemba

Krismasi. Samwiri ameleta redio ya masafa mafupi tusikie salamu za nyumbani. Ilikoroma tu. Alihangaika na waya dirishani pale pale kwenye sanamu, akaikuta imempa mgongo. Hakuuliza. Akaunganisha waya, akaketi sakafuni, akacheka na Adelina jambo la kazini: Mswidi kasahau meno yake kwenye treni, akaja kuyadai kwa jina. Na mimi nikacheka. Nilifikiri nimekohoa, kumbe nimecheka.

Mtu huyu ama ana subira ama ni mjinga. Sijaamua.

Jumamosi, 8 Januari 1977

Ameniletea miba ya chuma ya kufunga chini ya viatu, barafu isinitelezeshe. Nikamwambia kwato ni za punda. Nimetembea Bukoba nzima kwenye tope la masika na mzigo begani, sijaanguka.

"Tope na barafu si ndugu, Mzee."

"Miguu ni ile ile."

Akaiacha mlangoni. Adelina akasema, "Miguu ni ile ile ila ina miaka sitini na minane." Miaka yangu haikihusu kiatu.

Jumapili, 9 Januari

Misa. Kutoka na kurudi salama. Bila kwato.

Jumatano, 19 Januari

Baridi ya kukata masikio. Nilikwenda kuigeuza sanamu. Leo nimemtazama usoni huyo mzee kwa mara ya kwanza. Nilidhani amelala. Hakulala. Anatazama mbele kuliko kijana. Kijana anatazama anapokanyaga.

Nimemgeuza hata hivyo.

Jumamosi, 29 Januari

Amekuja dada yake Samwiri, anaitwa Damalie. Mnene, kilemba cha kijani, kinywa hakina mlango. Peke yake, Samwiri hayupo, Adelina yuko zamu. Alipiga magoti kunisalimu, kisha akainuka na kukaa kwenye kiti changu.

Akasema, "Mzee, nimekuja kuona mtu anayemtesa mdogo wangu."

"Simtesi. Namfikiria."

"Miezi miwili? Hata ng'ombe ananunuliwa upesi kuliko hapo."

"Ng'ombe hatalala na binti yangu."

Akacheka mpaka kilemba kikalegea. Nikaona mwanamke huyu anaweza kuongea na watu. Kisha akaiona sanamu imetazama nje. Kicheko kikaisha.

"Umeigeuza wewe?"

"Mimi."

"Alikwambia kwa nini aliinunua?"

"Alisema ni hadithi ya kale."

Damalie akajifunga kilemba upya, polepole, ndipo akanieleza. Naandika kama alivyosema, sijaongeza.

Askari walipoanza kukamata walimu wa Masaka, Samwiri alikwenda usiku kwa baba yao. Baba ana miguu mibovu, maji yamejaa magotini. Mpaka na Tanzania ni mwendo wa kinamasi. Samwiri akachuchumaa mbele yake, akasema, "Panda, Taata." Baba akakataa. Samwiri akazunguka, akachuchumaa upande wa pili. "Panda." Akakataa. Mpaka karibu na mapambazuko kijana anachuchumaa, mzee anakataa. Mwisho baba akamfukuza kwa fimbo.

"Unajua alimwambia nini, Mzee? Alimwambia, 'Nenda. Mimi si mkungu wa ndizi.'"

Nikauliza, "Halafu?"

"Halafu Samwiri akaenda. Kuzikwa kwake tulisikia kwa watu, kila mtu anataja mahali pake."

Alikunywa chai, akasifu chai, akaenda. Mimi sikumsindikiza. Baridi ya hapa inaingia magotini.

Jumapili, 30 Januari

Sanamu sikuigusa.

Jumatatu, 31 Januari

Sikuigusa. Adelina amerudi kutoka kazini, ameitazama, akanitazama. Akaniuliza kama naumwa.

Jumamosi, 5 Februari

Samwiri ameipata Dar es Salaam redioni. Wanasema TANU na Afro-Shirazi zimekuwa chama kimoja kipya. Mimi mwanachama wa zamani sikuulizwa.

Nilitaka kumwambia neno Samwiri. Nilitafuta mahali pa kuanzia. Nikamwambia ndizi za wiki hii zilikuwa mbichi.

Jumapili, 6 Februari

Leo nitaandika mpaka wino uishe.

Adelina yuko zamu. Samwiri akanipeleka Misa ya jioni. Yeye si wa kanisa letu lakini alikaa nyuma mpaka mwisho, kofia mapajani. Miba ya chuma aliitazama pale mlangoni tulipotoka nyumbani, akanitazama, akanyamaza. Ningemshukuru kama angesema, ningepata wa kumbishia.

Tulirudi salama kwa treni. Tumetoka Hallonbergen, tumekata kona, nyumba tunaiona. Nilikuwa namweleza jinsi nilivyombeba yule padri mnene. Nikanyosha mkono kumwonyesha upana wa tumbo lake. Mguu wa kulia ukaondoka bila kuniaga.

Nilianguka kama gunia la buni. Kifundo cha mguu kikalia. Si mimi niliyelia, ni kifundo. Samwiri akaniinua, nikamshika bega, nikaruka kwa mguu mmoja mpaka mlangoni. Hiyo si kubebwa, hiyo ni kuegemea, hata askari wazima huegemeana.

Tumeingia. Lifti ina karatasi mlangoni. Imelala.

Samwiri akasema, "Tukae hapa chini, Mzee. Adelina atarudi saa nne usiku. Au niite wenye gari la wagonjwa."

Gari la wagonjwa lina machela. Nikasema hapana. Nikakanyaga ngazi ya kwanza kwa mguu mzima, nikavuta mbovu. Ya pili. Ya tatu nikakaa. Jasho lilinitoka kama nimelima, na nje maji ya mvua yamegeuka mawe.

Taa ikazimika. Tukabaki gizani, yeye na mimi. Nikamsikia anapumua. Halafu kitufe kikabonyezwa, taa ikawaka, nikamwona amesimama mbele yangu, mikono inaning'inia. Alitaka kusema neno na hakulisema. Nilijua ni neno gani. Nilijua amelisema mara nyingi kuliko mtu anavyopaswa kulisema, na jibu lake analijua kwa moyo, hata mimi nilimpa lile lile mezani kwa binti yangu.

Basi akageuka. Akachuchumaa. Nikauona mgongo wake katika lile koti kubwa. Nimeona migongo mingi ya wabebaji. Hutetemeka ikishabeba. Huu ulitetemeka haujabeba kitu.

Hakunitazama. Akasema kwa sauti ndogo, "Panda, Taata."

Si Mzee wangu. Si ssebo.

Nikapanda.

Akainuka vibaya. Nikamwambia, "Usiinuke kwa kiuno, utavunjika! Inuka kwa mapaja!" Akashuka, akainuka kwa mapaja. "Pumua kwa pua. Hatua fupi." Ghorofa ya kwanza ikapita. Ya pili katikati, taa ikazimika tena. Akasimama, mguu mmoja hewani. Mikono yake yote miwili imeshika miguu yangu, mkono wa taa hana.

Hapo ndipo nilipoelewa kazi yangu. Kile kitufe chekundu kinang'aa kidogo gizani. Nikanyosha mkono, nikakibonyeza. Taa ikawaka. Akaendelea.

Tangu hapo tulikwenda kama machela ya Kanyigo. Kiongozi hutangulia akipiga kelele jiwe, tope, kisiki, wabebaji wasikanyage vibaya. Mimi nikapiga kelele kutoka juu: "Kona! Ngazi! Kona!" Na kila ghorofa taa ni yangu. Akauliza, "Mzee, u mzito namna hii siku zote?" Nikamwambia, "Ni akili. Ina uzito." Nikamsikia anacheka. Nikasikia pia kitu kingine, lakini sura yake ilikuwa mbele na mimi nyuma, kwa hiyo sikuona, na ambacho sikuona siandiki.

Ghorofa ya nne jirani yetu Mama Birgit akafungua mlango na mbwa wake. Akasema "hej," salamu yao, kama vile kila siku anaona mzee amepanda mtu. Mbwa tu ndiye aliyeshangaa.

Ya sita. Akaniweka kwenye kiti taratibu, kama ile sanamu alivyoitoa kwenye magazeti. Akakaa sakafuni, kichwa magotini, muda mrefu. Mtu aliyetua mzigo wa mbali haulizwi maswali.

Aliponyanyua uso nikatoa mkebe. Nikamwambia, "Nyosha mkono." Nikamhesabia punje za kahawa kiganjani. Anajua desturi zetu, Masaka na Kanyigo ni mwendo wa miguu. Akatafuna, na mimi nikatafuna. Adelina alipoingia akatukuta tunatafuna kimya, mguu wangu kwenye ndoo ya maji. Hakuona mguu. Aliona taya.

Akasema tu, "Tata."

Nikamwambia lifti yenu imelala.

Jumatatu, 7 Februari

Kifundo kimevimba kama kiazi. Hakikuvunjika, mifupa yangu ni ya zamani. Adelina amekifunga huku akiimba.

Jumamosi, 12 Februari

Damalie amekuja kumsemea nduguye rasmi, kwa kuwa baba hayupo. Ameongea vizuri ila kwa urefu. Nimejibu kwa ufupi: ndiyo. Damalie akasema, "Na hapo kumbe palikuwa na neno hilo siku zote!"

Nikawauliza jina la baba yao, nilitaje nikishukuru. Wanaitwa watoto wa Matayo. Nimesema, "Nimepokea kutoka kwa Matayo." Samwiri akatoka kwenda kutazama theluji.

Alhamisi, 3 Machi

Naondoka leo. Theluji imeanza kuchafuka, chini yake kuna majani, hai. Ndoa ni Juni. Nitawakilishwa na Theresia wa Jakobsberg, anatoka Kanyigo na haogopi kuongea.

Sanamu ni yangu, nilipewa mimi, lakini naiacha hapa dirishani. Nimeigeuza kwa mara ya mwisho, itazame mlango, imwone kila anayeingia.

Asubuhi Samwiri alisema kuna fundi mjini wa kutengeneza kauri. Anaweza kuchonga mtoto mpya, akamsimamisha kwenye zile nyayo mbili, asijulikane kama aliwahi kuvunjika.

Nikamwambia, "Mwache fundi. Huyo mtoto mtamleta nyinyi."

Adelina amekimbilia jikoni na maji ya bomba yanamwagika bure mpaka sasa ninapoandika. Samwiri amelibeba sanduku langu, anaangalia dari.

Lifti leo ni nzima. Nimewaambia tunashuka kwa ngazi. Yeye na sanduku, mimi na taa.